Nyayo za Muhogomchungu: Usakaji wa Futuhi ya Filamu ya Mwaka 1952

Mtafiti anayetaka kujua Kiswahili kilichoandikwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 hana sababu kubwa ya kulalamika. Ataletewa majalada ya Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, na humo atakuta barua, mashairi, matangazo na mahubiri ya maendeleo kwa wingi. Akitaka kusikia Kiswahili kilichosemwa, mambo hubadilika. Namna watu walivyopatana bei sokoni, walivyotaniana, walivyomkejeli mgeni wa mjini kabla hajatambua kwamba anakejeliwa, hayo yote hayakuingia gazetini. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 tu, na sauti ya redio ya enzi hizo aghalabu ilikuwa ya mtu aliyekaa mbele ya karatasi. Kwa sababu hiyo, filamu yenye mazungumzo ya Kiswahili iliyotengenezwa katika miaka hiyo ni ushahidi wa lugha wa aina ya pekee, na filamu ya kuchekesha ina thamani zaidi, kwa kuwa mzaha hauvumilii lugha ya kubandika. Mtu asiposema kama wanavyosema watu, hadhira haicheki.

Filamu inayozungumziwa hapa ni Muhogomchungu ya mwaka 1952. Kiini cha kisa chake ni chepesi: mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam, na mji unamfanya mjinga. Mhusika huyo mkuu aliigizwa na Rashid Mfaume Kawawa, wakati huo kijana aliyekuwa akifanya kazi katika shughuli za serikali za maendeleo ya jamii. Yaliyofuata katika maisha yake yanajulikana: mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu, akashika tena cheo hicho kuanzia 1972 hadi 1977, akafariki tarehe 31 Desemba 2009. Ni nchi chache ambazo wananchi wake walipata kumcheka kiongozi wao katika kitambaa cheupe cha sinema kabla hawajamsikiliza jukwaani.

Hata hivyo, anayetaka kuitazama filamu hiyo leo hawezi kuingia dukani akainunua, wala kwenda maktaba ya mtaani akaiazima. Anapaswa kuisaka, na usakaji huo una elimu yake. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imo mikononi mwa wanafunzi wa Kiswahili, ingawa wengi wao hudhani ni kazi ya mafundi wa mitambo.

Jina

Kinachopotea kwanza aghalabu ni jina. Chukua hili lililo mbele yetu. Huandikwa Muhogomchungu, neno moja, kama jina la mtu linavyoandikwa. Huandikwa pia Muhogo Mchungu, maneno mawili, kama jina la mmea. Mwingine ataandika Mhogo Mchungu, kwa kuwa kiambishi cha ngeli ya tatu hutamkwa mu- na wazungumzaji wengine na m- na wengine, na maandishi yamefuata njia zote mbili. Kwa msikilizaji hili ni jambo dogo. Kwa orodha iliyopangwa kialfabeti ni jambo kubwa: Mhogo na Muhogo hutenganishwa na mamia ya maneno, na mtafutaji aliyefika kwenye ukurasa mmoja hatajua kwamba kuna mwingine. Kompyuta haikuondoa tatizo hilo. Ni mtiifu kupita kiasi. Huleta kile ilichoandikiwa, herufi kwa herufi.

Kuna na tafsiri. Mwandishi wa orodha asiyejua Kiswahili huenda aliliandika jina kwa Kiingereza peke yake, akidhani anamsaidia msomaji. Isitoshe, jina lenyewe limeendelea kuishi maisha mengine. Katika miaka ya karibuni mwigizaji mmoja wa vichekesho wa Tanzania alijulikana kwa watazamaji wa televisheni kama Muhogo Mchungu, kiasi kwamba anayelitafuta jina hilo kwenye intaneti hukutana naye kabla ya kumwona Kawawa. Wala si ajabu jina hilo kumvutia mchekeshaji. Muhogo mtamu huchomwa ukaliwa siku hiyo hiyo. Mchungu hutaka kulowekwa na kuanikwa kabla haujafaa kuliwa na mtu. Kumwita mgeni wa mjini kwa jina hilo ni kusema mengi juu yake kwa maneno mawili.

Ukiacha jina la filamu, lipo jina la nchi. Mwaka 1952 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Orodha iliyotengenezwa kabla ya 1964 na isiyoguswa tangu hapo itakuwa na kichwa cha Tanganyika, au Afrika Mashariki ya Kiingereza, na anayetafuta chini ya Tanzania atapewa filamu za miaka ya 1970 na kuendelea, kama vile Fimbo ya Mnyonge ya 1974. Lipo pia jina la lugha, ambalo wazungu wa zamani waliliandika kwa namna zao, na jina la aina ya kazi. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana neno zuri, futuhi, linalosimama mbele ya tanzia. Watu wengi zaidi husema kichekesho au komedi. Lakini filamu za serikali ya kikoloni ziliorodheshwa kwa kuzingatia somo lililokusudiwa, yaani afya, kilimo, akiba au mwenendo mwema. Futuhi ikifichwa chini ya ‘mwenendo mwema’, atakayeitafuta kwa kicheko chake hataiona.

Kopo lenye lebo sahihi

Ingefaa kuamini kwamba jina likishapatikana kazi imekwisha. Historia ya filamu moja ya Kimarekani inaonyesha sivyo, na inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ni kisa cha futuhi iliyopotea ambacho njia yake imejulikana hatua kwa hatua.

The Battle of the Century ni filamu bubu ya mikanda miwili ya Stan Laurel na Oliver Hardy, iliyotolewa tarehe 31 Desemba 1927 na studio ya Hal Roach. Mkanda wa kwanza unakejeli pambano la ngumi la Jack Dempsey na Gene Tunney la Septemba mwaka huo: Laurel ni bondia dhaifu anayepata nafasi ya kushinda, akaipoteza kwa upumbavu. Katika wa pili, Hardy, ambaye ni meneja wake, anamkatia bima ya ajali, kisha anatega ganda la ndizi ili bondia wake ateleze na fidia ilipwe. Anayeteleza ni mchuuzi wa pai. Pai ya kwanza inarushwa kwa hasira, ya pili inampata asiyehusika, naye anatafuta wa kumlipizia, hadi mtaa mzima unapigana. Inasimuliwa kwamba zilitumika pai zipatazo 3,000.

Filamu hizo zilipigwa kwenye mkanda wa naitreti, ambao huwaka kwa urahisi na hata usipowaka huoza taratibu mpaka ukawa unga. Katika miaka ya 1950 mtayarishaji Robert Youngson alikuwa akikusanya vipande vya filamu bubu kwa ajili ya filamu yake The Golden Age of Comedy, iliyotoka mwaka 1957. Alichukua dakika chache za vita vya pai. Baada ya hapo mkanda wa asili uliharibika, na kwa miongo kadhaa ulimwengu ulikuwa na dakika hizo tu, sawa na mwanafunzi wa ushairi anayeujua utenzi kwa beti zilizonukuliwa katika kitabu cha mtu mwingine.

Katika miaka ya 1970 mhakiki Leonard Maltin aliukuta mkanda wa kwanza, ule wa ngumi, katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Wa pili haukuonekana mpaka 2015. Mkusanyaji Jon Mirsalis alikuwa amenunua hazina kubwa ya filamu kutoka kwa urithi wa mkusanyaji mwenziwe aliyefariki. Marehemu huyo, kwa upande wake, alikuwa amezipata filamu za Youngson baada ya Youngson kufa mwaka 1974. Miongoni mwa makopo hayo lilikuwamo moja lenye jina la filamu na namba ya mkanda, bila kificho chochote. Ndani yake mlikuwa na nakala ya milimita 16 ya mkanda wa pili, vita vya pai kutoka mwanzo hadi mwisho. Youngson alikuwa amejitengenezea nakala kabla mkanda wa asili haujaoza. Mwaka huo huo filamu iliyounganishwa upya ilionyeshwa katika tamasha la Telluride. Kipande kimoja kifupi, kile cha kuuziwa bima, kilikosekana, na mahali pake ziliwekwa picha mnato na maandishi.

Hapa jina lilikuwapo na tahajia ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali ambalo mwanahistoria wa miswada huliuliza kila siku: kitu hiki kilipita mikononi mwa nani? Watafutaji wengi walikwenda penye filamu, yaani studio na hifadhi kubwa. Jibu lilikuwa limekaa penye mtu aliyewahi kuitumia filamu, kisha kwa mrithi wake, kisha kwa mrithi wa mrithi.

Kwa wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili swali hilo si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 bila kuacha diwani. Mashairi yake yalibaki katika vifua vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi ndiye aliyewafuata watu hao akakusanya walichokumbuka, na mmisionari W. E. Taylor akafanya naye kazi katika miaka ya 1880. Karatasi zikasafiri hadi London. Diwani ilipochapwa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, ilichapwa Johannesburg. Mtu aliyeyatafuta mashairi ya Mvita pale Mvita tu asingeyapata yote, na aliyetafuta vitabu tu, bila kuuliza habari za Mwalimu Sikujua, asingejua kwa nini yako kama yalivyo.

Mikono ya Muhogomchungu

Njia ya Muhogomchungu nayo inafika Johannesburg, kwa sababu nyingine kabisa. Kati ya 1951 na 1953 serikali ya Tanganyika ilifanya jaribio la kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, na fundi wa kazi hiyo alikuwa African Film Productions, kampuni iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1915 na I. W. Schlesinger. Chalo Amerudi ni mojawapo ya ndugu za Muhogomchungu katika jaribio hilo. Kwa hiyo mtafutaji ana mikono miwili ya kufuata tangu mwanzo: wa aliyeagiza na wa aliyetengeneza. Mkanda wa asili kwa kawaida hubaki kwa maabara au kwa mtengenezaji. Nakala za kuonyesha huenda kwa mwagizaji. Hifadhi ya taifa ya Afrika Kusini ya filamu, video na sauti iko Pretoria, na ndiyo mlango wa kawaida wa kubisha kwa kazi za makampuni ya zamani ya nchi hiyo. Katika hifadhi kama hiyo Kiswahili ni lugha ya mbali, na maelezo ya kopo yanaweza kuwa mafupi kuliko inavyostahili.

Mkono wa pili unaelekea Uingereza. Mwaka 2010 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, Imperial War Museum na jumba la makumbusho ya dola na Jumuiya ya Madola lililokuwa Bristol, pamoja na vyuo vikuu, viliweka kwenye intaneti orodha ya filamu za kikoloni zaidi ya 6,000. Jumba la Bristol lilikwishafungwa milango yake, na tangu 2012 makusanyo yake yako chini ya halmashauri ya jiji hilo. Sehemu kubwa ya makusanyo ya namna hiyo ilitoka kwa watu binafsi: mabwana shauri, madaktari na walimu waliorudi kwao na makopo ndani ya masanduku. Mtu kama huyo ndiye Youngson wa Afrika Mashariki. Huenda hakuwa mkusanyaji wa sinema hata kidogo. Alibaki na nakala kwa kuwa gari la sinema lilikuwa chini yake siku alipopandishwa meli.

Mkono wa tatu ni wa hapa nyumbani, nao umepitia mabadiliko mengi. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 na Taasisi ya Filamu na Picha, iliyojulikana kama AVI, mwaka 1974. Kila taasisi inapozaliwa, kuvunjwa au kuhamishwa, makopo hubebwa, na anayebeba si lazima awe anayesoma. Kawawa mwenyewe anaongeza ugumu. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu huorodheshwa kama Waziri Mkuu. Yafaa mtafutaji apekue mafungu ya taarifa za habari na ya viongozi, kwani nakala au kipande cha futuhi hiyo kinaweza kuwa kimewekwa karibu na hotuba za kiongozi, kwa heshima yake.

Tukiulizwa kama inawezekana filamu za aina hii zikatoweka kwa wingi, jibu lipo katika jaribio la kabla yake. Kuanzia 1935 hadi 1937 mradi uliojulikana kwa kifupi chake BEKE, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, ulitengeneza filamu 35 ukiwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori lake lilizungusha filamu hizo katika nchi kadhaa za Mashariki na Kati ya Afrika. Zinazojulikana kuwa zimehifadhiwa ni 3. Sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, kwa lugha mbalimbali. Sahani na mkanda ni vitu viwili, na vitu viwili huachana upesi. Kwa mwanaisimu hii ni hasara ya aina mbili: hata picha ikinusurika, mdomo unaweza kuonekana ukicheza bila neno kusikika.

Kuhusu mkanda wenyewe, la kufahamu ni kwamba nakala za milimita 16, zilizotumiwa na magari ya sinema, zilitengenezwa kwa asetati. Asetati haiwaki kama naitreti, na kwa hiyo iliitwa mkanda salama. Usalama huo ni wa moto tu. Katika joto na unyevu wa pwani asetati huanza kutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha uozo uliokwisha kuanza. Mkanda husinyaa, hujikunja, picha huachana na kitambaa chake. Dalili yake ya kwanza hufika puani: kopo likifunguliwa hunuka siki. Kopo linalonuka siki halifai kupitishwa katika mtambo wa kuonyeshea ili kuangaliwa kuna nini. Litengwe na mengine, liwekwe penye baridi, na fundi aitwe. Wengi wameiharibu filamu kwa shauku ya kuiona.

Kutambua

Sasa tuseme kopo lisilo na jina limepatikana Pretoria, Bristol au Dar es Salaam, na ndani yake watu wanaongea Kiswahili. Nani atasema ni filamu gani? Hapo ndipo mtaalamu wa lugha anapohitajika kuliko fundi.

Macho yatasaidia kiasi. Sanamu ya Askari imesimama mahali pake tangu 1927, hivyo haitoi tarehe. Soko la Kariakoo hutoa: jengo lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na filamu inayoonyesha soko bila jengo hilo ni ya kabla yake. Kibao cha Kichwele kikionekana, basi Mtaa wa Uhuru ulikuwa bado haujapewa jina lake la leo.

Masikio yatasaidia zaidi. Mtafiti atasikiliza wahusika wanaitanaje. Je, mtu wa shamba anasalimia kwa shikamoo hata asipopaswa, na watu wa mjini wanamjibu vipi? Bei zinatajwa kwa shilingi na senti au kwa thumni na peni? Bwana, bibi, ndugu: lipi linatumiwa kwa nani? Neno ndugu lilibeba mzigo mpya wa kisiasa baada ya uhuru, na mahali linapotokea bila mzigo huo ni dalili ya wakati. Atasikiliza pia lafudhi ya anayejifanya mshamba, kwa kuwa mwigizaji anapoigiza ushamba huchagua sifa chache za matamshi ambazo hadhira yake ilizitambua papo hapo. Hakuna orodha ya sarufi inayotuonyesha ni sifa zipi zilizochekwa Dar es Salaam mwaka 1952. Hapana budi kukiri kwamba maneno ya filamu za serikali yalipitia kalamu za maofisa waliotaka kufundisha. Lakini kalamu haiwezi kuandika mkokoto wa sauti, wala pumzi anayoivuta mtu kabla ya kumpa mwenziwe jibu la kumkomesha.

Ushahidi mwingine hauko katika kopo lolote. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1952 leo amepita 80. Kumuuliza kama anaikumbuka Muhogomchungu hakutoshi, kwani pengine jina hilo hakulisikia. Watoto walikwenda ‘kuona sinema’ na basi. Aulizwe gari la sinema liliegeshwa wapi, nani alikuwa akieleza kwa kipaza sauti, na Kawawa alipojitokeza watu walisema nini. Kisha aachwe aigize kipande anachokikumbuka, kwa sauti yake, na chombo cha kurekodi kiwe kimewashwa tangu alipokaribisha wageni.